Muziki Usio na Mlango: Hotuba kuhusu Gamba la Hatch kando ya Mto Charles, Boston

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu na kaka zangu, habari za jioni.

Nimeombwa niseme machache kuhusu Gamba la Hatch, jukwaa la muziki la wazi kando ya Mto Charles, mahali tutakapokwenda pamoja Jumatano ijayo, na najua wengi wenu mnataka kwanza kusikia habari za usafiri, chakula na watoto. Hayo nitayafikia mwishoni, kwa sababu nikiyatanguliza mtaondoka kabla sijamaliza. Naomba nianze na siku niliyofika pale mara ya kwanza, katika kiangazi changu cha kwanza hapa Boston. Nilikuwa nimetoka kazini, nikapita juu ya daraja la waenda kwa miguu linalovuka barabara kuelekea mtoni, na mbele yangu nikaona uwanja wa nyasi uliojaa watu waliotandika mablanketi. Mbele yao palikuwa na nusu kuba kubwa, na ndani ya nusu kuba ile okestra nzima, safu kwa safu za fidla, wanamuziki wamevaa nadhifu na jua halijatua. Nikatia mkono mfukoni, nikaanza kutafuta dirisha la tiketi. Niliuzunguka uwanja ule mara mbili. Mara ya pili nikamwuliza mzee mmoja, aliyekuwa akimenyea mjukuu wake yai, kiingilio kinalipwa wapi. Hakunielewa. Nikarudia swali langu taratibu, naye akanionyesha kwa kisu chake mahali penye nyasi palipokuwa wazi kando yake.

Sisi tuliokulia pwani tunajua kwamba muziki wa watu wengi namna ile hauwi bila mlango, na mlangoni hapakosi kijana mwenye kifua kipana na kitita cha tiketi. Shughuli ya harusi ni jambo jingine, kwani huko mlango ni ujirani na kiingilio ni tunzo. Lakini okestra ya watu wenye mishahara, ikipiga mbele ya wapita njia ambao haiwajui na haiwadai kitu, ni jambo lililonisumbua akili tangu jioni ile, na ndilo lililonifanya nisome habari za mahali pale kwa miaka kadhaa. Nililokuja kuwaambia leo ni hili: kukosekana kwa mlango pale hakukutokea kwenyewe. Kumetengenezwa kwa makusudi, kukalipiwa, kukapiganiwa tangu mwaka 1929, na zaidi ya mara moja kumekaribia kupotea.

Tuanze na mto wenyewe, kwa kuwa hata ukingo ule mnaouona umetengenezwa na watu. Mto Charles unatenganisha Boston na Cambridge kabla ya kumwaga maji yake bandarini, na hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini bahari ilikuwa ikipanda na kushuka ndani yake kila siku, kama inavyofanya katika mkono wowote wa bahari huko kwetu. Wenzangu wa Pangani na wa Lamu sina haja ya kuwaeleza harufu ya tope wakati maji yamekupwa na jua limewaka. Matajiri waliojenga nyumba zao katika mtaa wa Beacon, upande wa mtoni, walielekeza milango yao mtaani na kuupa mto visogo. Mwaka 1910 lilikamilika bwawa lililozuia maji ya chumvi yasipande tena, na mto ukageuka kuwa ziwa refu la maji baridi ambalo kina chake hakibadiliki. Miongoni mwa waliolipigania sana bwawa hilo alikuwa James Storrow, mtu wa benki, ambaye aliamini kwamba ukingo wa mto ni mali ya watu wote wa mji.

Alifariki mwaka 1926. Mjane wake, Helen Storrow, akatoa dola milioni moja ili ukingo upanuliwe na kupandwa miti, kazi iliyosanifiwa na Arthur Shurcliff na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1930. Mama huyo alikuwa na sharti. Wakati ule palikuwa na mpango wa kupitisha barabara kubwa ya magari ukingoni, naye hakutaka kuisikia. Fedha zake zilikuwa za bustani, na barabara ikaondolewa katika mpango. Kwa lugha yetu ningesema kwamba aliweka wakfu. Alifariki mwaka 1944. Mwaka 1949 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kujenga barabara ileile, pamoja na malalamiko ya wakazi waliobeba mabango, na mwaka 1951 barabara ikafunguliwa ikiwa na jina la mumewe: Storrow Drive. Nimeishi katika miji minne na nimeona kejeli nyingi za wakuu wa miji, lakini sijaona iliyoizidi hii ya kuvunja sharti la marehemu kisha ukamtukuza mumewe kwa kitu kilekile alichokikataza. Ndiyo maana Jumatano, okestra itakapofika katika sehemu ya polepole, ile ambayo filimbi moja inabaki peke yake, mtasikia nyuma yenu mvumo wa magari usiokoma. Nawaomba msiulaumu uongozi wa okestra.

Sasa nije kwa mtu aliyeleta muziki mtoni. Arthur Fiedler alizaliwa Boston mwaka 1894, mtoto wa mpiga fidla, naye mwenyewe akaingia katika Okestra ya Simfoni ya Boston mwaka 1915. Okestra hiyo ilianzishwa mwaka 1881, na tangu 1885 ilikuwa na msimu wa muziki mwepesi uliokuja kuitwa Pops. Wote huu, mzito kwa mwepesi, ulipigwa ndani ya ukumbi, kwa tiketi, na kiangazi kilipokolea wenye fedha waliondoka mjini kwenda kwenye nyumba zao za pwani na za milimani. Mjini walibaki wale wasio na pa kwenda, wakilala juu ya mapaa kwa joto, na walibaki pia wanamuziki wengi waliokosa kazi hadi majani yaanze kuanguka. Fiedler aliona kwamba matatizo hayo mawili yanaweza kutatuana. Alizunguka akiomba fedha kwa wenye nazo, na jioni ya tarehe 4 Julai 1929 akasimama ukingoni mwa Charles, ndani ya gamba la mbao lililojengwa kwa muda, akaongoza onyesho la kwanza la bure.

Angalieni mwaka huo. Miezi michache baadaye soko la hisa la New York lilianguka, na kwa watu wengi wa Boston suala la tiketi ya ukumbi likawa limekwisha. Maonyesho ya mtoni hayakwisha. Yaliendelea kiangazi baada ya kiangazi, na tangu 1930 Fiedler alikuwa pia kondakta wa Pops, yaani mwongozaji wa okestra, na simzungumzii yule wa daladala, ingawa kwa jinsi alivyojua kujaza watu nadhani kazi hiyo nayo angeiweza. Alishika fimbo ya kuongozea hadi alipofariki mwaka 1979.

Gamba mtakaloliona si lile la mbao. Mama mmoja aitwaye Maria Hatch aliacha wasia wa dola 300,000 ili kijengwe kitu cha kumkumbuka nduguye, Edward, na baada ya majadiliano marefu fedha hizo ndizo zilizojenga jukwaa la kudumu lililofunguliwa Julai 1940, kazi ya msanifu Richard Shaw. Ni nusu kuba iliyosimama wima na kutazama nyasi, na sehemu yake ya ndani imefunikwa mbao, kwa hiyo ukiitazama taa zikiwa zimewashwa hufanana na kombe la chaza lililofunuliwa. Majina ya watunzi wa muziki wa Magharibi yamewekwa kulizunguka jukwaa. Nimeyasoma yote. Wengi wao hawakuwahi kuiona Marekani.

Kwa nini gamba? Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu miaka yangu ya ujana niliitumia kubeba spika za bendi, na jambo hili nalipenda. Ndani ya ukumbi, sauti inayokwenda pembeni hugonga ukuta na kurudi kwako. Ukumbi wa okestra hii, uliofunguliwa mwaka 1900, ulikuwa miongoni mwa kumbi za kwanza duniani kusanifiwa kwa hesabu za sayansi ya sauti, chini ya mwanafizikia Wallace Sabine. Nje hakuna ukuta. Sauti huenda popote itakapo, na kila umbali wako kutoka jukwaani unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti inayokufikia hubaki robo. Gamba huikusanya ile ambayo ingepotelea nyuma na juu na kuisukuma mbele kwa wasikilizaji, na pia huwasaidia wanamuziki wasikilizane, jambo ambalo watu hulisahau. Mpiga tarumbeta asiyemsikia mpiga fidla hukimbia peke yake.

Hata hivyo gamba peke yake halitoshi kwa uwanja ule, na tangu zamani vipaza sauti vimekuwa sehemu ya kazi. Hapo ndipo mafundi mitambo hupata shida ambayo mwenye ukumbi haijui. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, maana yake mtu aliyekaa mita 170 kutoka jukwaani huona fimbo ya kondakta ikishuka, kisha husubiri nusu sekunde ndipo ngoma imfikie. Ukiweka spika karibu naye bila kuichelewesha kwa kipimo kilekile, atasikia kila pigo mara mbili, la kwanza kutoka kwenye spika na la pili kutoka jukwaani. Kwa hiyo fundi huichelewesha spika kwa hesabu, na akifanya kazi yake vizuri hakuna atakayejua kwamba alikuwapo.

Upande mwingine, mto nao humsaidia fundi. Nilipokuwa mdogo Pangani, usiku wenye utulivu tuliweza kusikia ngoma ya Bweni, ng'ambo ya mto, kana kwamba inapigwa uani kwetu, hata tukawa tunayajua maneno ya nyimbo, ilhali mchana ungemwita mvuvi katikati ya maji asigeuke. Wazee walisema maji hubeba sauti. Hawakukosea. Hewa iliyolala juu ya maji inapokuwa baridi kuliko ile ya juu yake, sauti inayopanda hupindishwa na kurudishwa chini, badala ya kupotelea angani. Jioni zenye utulivu kwenye mto Charles watu wa mashua ndogo hutia nanga mbele ya uwanja na kusikiliza kutoka majini, na mara kadhaa nimewaonea wivu.

Upepo ni adui. Mkikaa karibu na jukwaa mtaona vibanio vya nguo, vilevile vya kuanikia, vikiwa vimebana karatasi za muziki kwenye vishikizio vyake, na mwanamuziki anayetaka kugeuza ukurasa hubandua kwa mkono mmoja haraka, huku upinde ukiwa bado kwenye mkono wa pili. Joto nalo huvipotosha vyombo kwa njia tofauti: nyuzi za fidla hulegea na sauti yake hushuka, wakati filimbi na tarumbeta sauti yake hupanda, kwa hiyo okestra iliyokubaliana saa moja kamili huanza kuvutana kabla ya nusu saa kupita. Wenye vyombo vya thamani kubwa huviacha nyumbani.

Waheshimiwa, mambo ya bure huchoka. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 maonyesho ya mtoni yalikuwa yamepungukiwa na mvuto, na mfanyabiashara David Mugar alimwendea Fiedler na wazo la kuifanya siku ya uhuru wa Marekani iwe ya kishindo: upigwe muziki wa mtunzi Tchaikovsky uitwao "1812", kuhusu vita vya mwaka huo, pamoja na mizinga ya kweli, kengele za kanisa na fataki juu ya mto. Ikafanyika 1974. Miaka miwili baadaye, taifa lilipotimiza miaka 200, walikusanyika watu wanaokadiriwa kufikia 400,000, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikautaja umati huo kuwa mkubwa kuliko wote uliowahi kusikiliza onyesho la muziki wa okestra. Tangu hapo nchi nzima imeujua uwanja ule kwa usiku huo mmoja. Siwezi kuacha kutaja kwamba muziki wenyewe ulitungwa na Mrusi kusifu jinsi Warusi walivyowashinda Wafaransa, na kwamba Wafaransa ndio waliowasaidia Wamarekani kuupata uhuru unaosherehekewa. Mizinga ikilia hakuna anayeuliza.

Usiku huo wa Julai ni mzuri, nami nimeuhudhuria, lakini nina shaka nao. Watu hufika alfajiri kushika nafasi, kuna uzio, kuna kupekuliwa mifuko, na tangu shambulio la mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston mwaka 2013 ulinzi umekuwa mkali zaidi. Kiingilio bado hakuna, ila mlango upo. Hali ya hewa nayo haina adabu. Mwaka 2012 ngurumo na radi zilisababisha watu waambiwe waondoke uwanjani wakajifiche, na mwaka 2014 sherehe ilivutwa nyuma hadi tarehe 3 kwa sababu kimbunga kilikuwa njiani, kimbunga ambacho, kwa mzaha wa mwenye kupanga majina, kiliitwa Arthur. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifuta kila kitu. Mugar aligharamia na kusimamia usiku huo kwa zaidi ya miaka arobaini, akaacha baada ya 2016, na okestra yenyewe ikalazimika kutafuta wafadhili wengine.

Palitokea pia siku ya Septemba 1994 ambapo bendi ya Green Day, ikiwa ndiyo kwanza inapata umaarufu, ilialikwa kupiga bure. Walitegemewa watu wachache zaidi, wakaja zaidi ya 60,000. Baada ya nyimbo chache polisi walisimamisha onyesho, chupa zikaruka, watu wakakamatwa. Wapo waliosema baada ya hapo kwamba bure ndiyo iliyoleta fujo. Mimi nasema kosa lilikuwa la hesabu. Umati huo ungekuwa na tiketi mkononi, ungevunja uzio uleule.

Ninachokipenda zaidi ya tarehe 4 Julai ni Jumatano za kawaida. Mwaka 2001 kondakta Charles Ansbacher alianzisha okestra iitwayo Boston Landmarks, kwa lengo hasa la kupiga bure mahali pa umma, na kwa miaka mingi sasa Jumatano za Julai na Agosti, saa moja jioni, imekuwa ikikaa ndani ya gamba lile. Hakuna mizinga. Watu hufika na vyakula vyao, wengine wamesimamisha baiskeli, watoto hukimbizana nyuma kabisa ambako hawamsumbui mtu, na mbwa wengi kuliko nilivyozoea hulala kimya kusikiliza Beethoven. Kiangazi kimoja wapiga muziki walikuwa okestra ya Longwood, ambayo wanamuziki wake wengi ni madaktari na watu wa hospitali, na aliyeketi karibu nami akanong'ona kwamba yule mwenye tromboni ndiye aliyempasua goti. Sikuwa na njia ya kuthibitisha, ila mwenye tromboni alipomaliza kupiga, jirani yangu alimpigia makofi kwa muda mrefu sana.

Basi, nimeahidi kujibu maswali yenu. Tutakutana kwenye kituo cha Arlington saa kumi na mbili jioni, kisha tutatembea hadi daraja la waenda kwa miguu, lile lililopewa jina la Fiedler. Tukishateremka, kabla hamjakimbilia nyasi, nawaombeni tusimame kwanza mbele ya sanamu ya kichwa chake, kazi ya Ralph Helmick. Imejengwa kwa mabamba ya alumini yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ukiikaribia utaona ngazi za chuma tu, wala hutapata pua wala jicho, lakini ukirudi nyuma hatua ishirini mzee mzima anakutazama na nywele zake za mawimbi. Watoto wetu huipenda hiyo kuliko muziki.

Njooni na mikeka, kwa maana nyasi za jioni zina umande, na kila mmoja abebe sweta hata kama mchana mtakuwa mmetokwa jasho. Chakula tutachangia, naambiwa mama wa Worcester wameshachukua jukumu la sambusa. Jua litazama baada ya saa mbili, kwa hiyo wenye kuswali Magharibi watakuwa na wasaa na nyasi safi upande wa mtoni, nami nimeshapima kibla. Msikae nyuma karibu na barabara, kwa sababu niliyokwisha kuwaeleza, wala msisongamane mbele kabisa mkidhani ndiko kuzuri, kwani huko mtasikia zaidi upande mmoja wa okestra. Katikati ya uwanja mtaona meza yenye hema dogo juu yake na vijana wawili wenye vipokea sauti masikioni. Hao ndio mafundi mitambo, na sauti yote ya jioni ile wanaipima kwa masikio yao wakiwa wamekaa pale. Tandikeni nyuma yao. Mimi nitafika mapema kuwashikia nafasi.